Hapana Uliyomjibu Daktari Mbele ya Mama

Kaka yangu, uliyeosha wengi na sasa nawe umeoshwa,

Sikuandikii ili nikulilie. Kulia nililia, siku kumi na moja za hospitali na siku tatu za matanga, na wewe wanijua, mimi jambo likishapita husonga kwenye linalofuata. Nakuandikia kwa sababu nina kesi nawe. Umekwenda ukaniachia neno moja nilibebe peke yangu, neno la herufi sita tu, na limenilemea kuliko sufuria yoyote niliyowahi kuipandisha mekoni. Jina lako sitaliandika. Watu wa Bondeni watakujua kabla hawajafika katikati. Wengine hawana haja nalo.

Nianze na mazuri, usije ukasema dadako amekuja na fimbo tupu. Wavikumbuka vile viatu? Nilikuwa na miaka saba, nawe kumi na tano. Ulinipeleka harusini Kibokoni, ukanisimamisha mlangoni, ukaniambia, "Haya, Bi Hesabu, niambie mle ndani mna watu wangapi." Nikaanza kuchungulia na kunyoosha kidole, watu wakiingia, wakitoka, wakinisukuma. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Watu hawatulii, wewe! Hesabu viatu, kisha gawa kwa mbili." Nikapata mia moja na tisa na nusu, na ile nusu ikatushughulisha njia nzima mpaka nyumbani. Nani huyo aliyekuja harusini na kiatu kimoja? Ukasema ni jini. Mama akakukaripia kwa kunitisha, nami usiku ule nikalala nimejifunika gubigubi.

Tangu siku ile hiyo ndiyo kazi yangu. Leo wapishi wa harusi wakitaka kujua kilo ngapi za mchele kwa sinia ngapi, hunipigia simu mimi. Sikusomea popote. Nilianza na karai la bajia barazani petu, nikaja kwenye sufuria ya kwanza ya biriani, ile uliyoniletea kutoka Marikiti umeivaa kichwani hadi mabegani kwa sababu ya jua. Vijana wa mtaa wakikufuata wakiimba, "Kobe huyo, kobe huyo apita!" Nawe mle ndani ukiwajibu kwa sauti ya pangoni, "Kobe yuwaja kuwala!"

Na jambo la kwanza nililojifunza katika kazi hii ni kwamba mwenye harusi hasemi kweli. Akiwa na wageni mia nne atakwambia mia tatu, kwa kuwa haya humshika, aona akitaja wengi atadhaniwa ajitapa. Ukipika kwa neno lake, wali utakwisha wazee hawajala, na lawama ni yako. Kwa hiyo simuulizi yeye. Humuuliza anayeandika kadi za mwaliko.

Nakukumbusha haya ili ujue kwamba siku ile chumbani kwa daktari sikuwa mjinga. Nilijua sawasawa tunafanya nini.

Tuliingia wanne. Wewe na kanzu yako na kofia yako ya kushonwa kwa mkono, mama kiti cha mbele, Omari mdogo wetu na faili kwapani, na mimi nimesimama kando ya mlango. Daktari wa upasuaji, Mgiriama wa Kaloleni, mtu mpole wa maneno ya taratibu, akatundika picha ya ini lako kwenye mwanga. Uvimbe ulikuwa sentimita kumi na tatu. Niliupima kimoyomoyo kwa kiganja changu, kiganja hakikutosha.

Akaeleza kwamba kuukata kunawezekana, ila ataondoa zaidi ya nusu ya ini, na hicho kitakachobaki ndicho kitakachoubeba mwili mzima. Kikiwa kizima, kitakua na kufanya kazi. Kikiwa na makovu, kitachoka.

"Kabla sijampasua mtu huwa napiga hesabu," alisema, na masikio yangu yakasimama. "Naingiza umri, ukubwa wa uvimbe, majibu ya damu, ini litakalobaki, na historia ya mgonjwa. Inanipa picha ya yatakayofuata baada ya upasuaji. Si ramli. Ni makadirio tu, kutokana na waliopita njia hii kabla yake."

Akauliza moja baada ya moja. Ugonjwa wa manjano utotoni? Hapana. Sukari? Hapana. Miti shamba? Kidogo, na mama akamweleza kila jani na shina lake. Kisha, bila kuinua kichwa, "Pombe je? Hata ya zamani?"

Mama alimrukia kabla hajafunga mdomo. "Astaghfirullahi! Daktari, huyu ndiye atuosheaye maiti Bondeni nzima!"

"Lazima niulize, mama. Namuuliza kila mtu."

"Waulize hao wengine."

Omari akaangua kicheko. "Daktari, huyu bwana hata soda ya tangawizi ikimkereketa huuliza kama ni halali."

Tukacheka sote, na daktari naye. Kicheko kikaisha, nawe ukawa bado hujajibu. Uliitazama mikono yako juu ya magoti. "Hapana, daktari," ukasema. "Haijawahi." Kisha ukaniinulia macho mimi.

Akatia alama kwenye kisanduku. Niliiona kalamu ikishuka.

Miaka kumi na moja, kaka. Miaka kumi na moja ya ukarani wa makontena bandarini, ukitoka zamu unavuka Feri kwenda ng'ambo ambako hakuna anayekujua, kisha unarudi na feri ya alasiri, umesimama ubavuni mwake upepo ukupige usoni. Mimi ndiye niliyekuwa nikifungua mlango wa uani. Siku ya kwanza niliposikia harufu nilifunga mlango nikarudi jikoni. Kesho yake niliweka kikombe cha bati dirishani pale uani, ndani yake punje za iliki za kutafuna. Hukuniuliza, sikukwambia. Zikiisha nilijaza. Ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu. Siku nzuri ulichukua mbili tatu. Siku mbaya nilikuta kikombe kitupu.

Kisha baba akafariki. Wewe mwana wa kwanza ndiye uliyeitwa umuoshe, na ilikuwa alasiri, ndio kwanza washuka Feri. Ulisimama kwenye kizingiti cha chumba, ukawaambia una homa, waoshe wengine. Watu wakakusifu kwa kuogopa kuwaambukiza. Mimi nilikuwa jikoni, na kikombe kilikuwa kitupu.

Hukugusa tena baada ya hapo. Mwaka haukwisha ukaenda kwa waoshaji wa msikitini, ukawaomba wakufundishe. Miaka kumi na sita uliosha wa kila namna: wazee wenye wana kumi, na wageni wasio na hata mtu wa kuwamwagia maji, waliookotwa mitaroni, na waliokufa kwa maradhi ambayo hata jirani aliogopa kuyataja. Ukitoka, watu walikuuliza kwa macho, nawe jibu lako lilikuwa moja. "Amelala vizuri." Muoshaji hasemi alichokiona mwilini mwa mtu, hiyo ni amana. Na wewe amana hiyo uliishika kuliko yeyote niliyemjua. Labda ndiyo maana ulidhani na mimi nitaishika.

Siku ile tulipotoka kwa daktari tulimrudisha mama nyumbani, kisha ukanisindikiza Liwatoni kwa wavuvi. Nilikuwa na oda ya samaki. Nilikwambia pale pale mbele ya meza ya mchuuzi, kwa kuwa kelele zilikuwa nyingi.

"Kaka, rudi kwa daktari. Nenda peke yako, umwambie."

"Nimwambie nini?"

"Usinifanye mtoto."

Ulimwinua samaki mmoja, changu, ukamfunua mashavu, ukamrudisha. "Nikimwambia ataandika."

"Na aandike. Si ndiyo kazi yake?"

"Faili yuwabeba Omari. Ataisoma."

"Nitaibeba mimi."

"Na wakikataa kunipasua? Mama atauliza sababu. Utamjibu nini, Bi Hesabu?"

Mchuuzi alituuliza kama tunanunua au tunaposa, nawe ukacheka, ukachagua wengine watatu. Tulipokuwa tukiondoka ndipo uliponiambia kwa sauti ya chini, "Usinivue nguo. Nimebakiwa na hiyo tu."

Zilibaki siku nne kabla ya upasuaji. Nambari ya daktari ilikuwa kwenye simu yangu. Mara mbili niliitafuta, mara mbili nikaifunga simu nikarudi kwenye sufuria. Nilijiambia nina harusi ya sinia arobaini. Lakini nikuambie kweli, maana leo sina wa kumficha: nilikuwa na hesabu yangu nami. Niliogopa kwamba ile kweli ikiingia, makadirio yatakataa, na uvimbe utakula taratibu mbele ya macho yetu, na mimi ndiye nitakayekuwa nimeufunga mlango. Nikaona heri upite kwa uongo kuliko ubaki nje kwa ukweli. Mimi huyu, nisiyemwamini mwenye harusi hata mmoja.

Makadirio yenyewe tulionyeshwa. Namba siiandiki hapa. Ilikuwa ya ini lako, tena ini ambalo hukuwa nalo, na sitaki mtu mwenye ini lake aichukue akajipimia. Ilikuwa namba nzuri. Mama aliibusu ile karatasi.

Siku ya kwanza na ya pili baada ya kupasuliwa ulilala. Siku ya tatu ulikunywa uji, ukamwambia muuguzi, "Uji huu, mama, hata kutawadhia wafaa," na wadi nzima ikacheka. Nilirudi nyumbani nikitembea kama bibi harusi. Siku ya tano nilifika saa nne za asubuhi, ukanigeukia, nikayaona macho yako yamekuwa rangi ya bizari. Nilijua. Daktari akabadilisha dawa, akaongeza nyingine, akaja mwenyewe asubuhi na jioni, na kila akija uso wake ulikuwa umepungua kidogo. Siku ya saba tumbo lilijaa maji. Siku ya tisa uliniita kwa jina la mama, ukanituma nikakate sanda, pande tatu, na nisisahau pamba. Kisha ukaanza kuosha. Hewani, kwa mikono miwili, taratibu, ukianzia upande wa kulia, kama ulivyofundishwa. Nadhani ulikuwa ukimuosha baba.

Siku ya kumi na moja, baada ya adhuhuri, ukatangulia. Kabla ya magharibi tulikuwa tumeshakuzika.

Wenzako wa msikitini walikuosha, Omari akiwamwagia maji. Walipotoka, mkubwa wao alimwambia mama, "Amelala vizuri," na juu ya rangi yako hakusema neno. Omari yeye si muoshaji. Aliuona mshono, kutoka ubavu hadi ubavu, akatoka na hasira isiyokuwa na pa kukaa, mpaka ilipompata daktari. Kila aliyekuja kutoa pole aliambiwa: walisema atapona, karatasi ipo, walisema atapona. Mama akawa akiitikia, "Ipo, karatasi ipo." Nami nikawa nikigawa kahawa.

Ukapita mwezi, ukapita wa pili. Kisha daktari akanipigia simu.

"Samahani kukurudisha msibani, dada. Majibu ya maabara yamekamilika, ya kile tulichokitoa. Nje ya uvimbe, ini lote lilikuwa na makovu. Ya miaka mingi. Virusi hakuwa navyo. Sukari hakuwa nayo. Kwenye kitabu chetu nimeandika sababu haijulikani, na kisanduku hicho kinanikera."

"Kitabu gani?" nikauliza.

"Tunawaandika wote tuliowapasua. Waliopona na wasiopona. Hesabu ya anayekuja inatokana nao."

Hapo, kaka, ndipo uliponishika pabaya. Nilidhani lile neno lako tulilizika nawe. Kumbe limekaa kitabuni, lapimia watu. Kesho ataingia mtu ambaye hakuonja maishani mwake, na hesabu itamwogopesha kwa ajili yako. Kesho kutwa ataingia aliyekunywa kama wewe, na ile hofu ambayo ingemfaa atapunguziwa kidogo, kwa ajili yako pia. Kidogo, najua. Mtu mmoja kwenye kitabu si wengi. Lakini wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kutoacha nusu.

Nikamwambia nitampigia.

Na wiki hiyo hiyo, kana kwamba wamepatana, Omari akaja na karatasi ya wakili. Alikuwa ameishughulikia kimya kimya. "Tia sahihi hapa tu, dada. Mama hawezi kusumbuliwa na mambo haya, na sisi wawili ndio mashahidi." Nikasoma. Daktari alizembea, marehemu alionekana ni mzima wa kupasuliwa, jamaa walihakikishiwa. Na mstari wangu mimi: kwamba nilikuwamo chumbani, na kwamba maswali yote ya daktari yalijibiwa kwa ukweli mbele yangu.

Niliusoma mara tatu. Omari akanipa kalamu.

"Niachie mpaka Ijumaa," nikamwambia.

"Cha kufikiri ni nini? Si ulikuwapo?"

"Nilikuwapo."

Wangenitaka ninyamaze tu, kaka, pengine ningenyamaza mpaka kaburini. Kunyamaza nilikuzoea. Lakini kuandika! Kuweka jina langu chini ya uongo wako, mtu mwingine apoteze kazi yake kwalo, na kitabu kibaki vile vile? Hapana. Hilo hukuniomba, na ungeniomba ningekukatalia.

Nilikwenda kwa mama kwanza. Sikutaka alisikie kwa Omari. Nilimkuta akikunja kanzu zako za kutolewa sadaka, zimepangwa kitandani, nyeupe juu ya nyeupe. Nikakaa sakafuni karibu na miguu yake, nikamwambia yote: Feri, iliki, homa ya siku ya baba, Liwatoni. Sikuongeza, sikupunguza. Mikono yake haikusimama mpaka nilipomaliza.

"Nyamaza," alisema, wakati nimeshanyamaza.

"Mama, nisamehe."

"Mtu huoshwa kwa maji safi. Wewe mwanangu wamuosha kwa maji ya mtaroni, tena yu kaburini, hawezi kukushika mkono."

"Mama, daktari angejua..."

"Angejua nini? Mola hajui?" Akaiweka kanzu aliyokuwa nayo juu ya zile nyingine, akaipiga pasi kwa kiganja. "Toka nyumbani mwangu."

Tangu siku hiyo salamu hunijibu, kwa kuwa kuitikia salamu ni faradhi. Zaidi ya hapo, hakuna. Chakula nikipeleka, vyombo hurudi vimeoshwa, chakula kimegawiwa majirani. Nakuambia haya si kwa kukuchongea kwake. Nataka uyajue tu. Wewe ulijibu neno moja ukabaki mwanawe. Mimi nimelirudisha nikawa mpita njia.

Omari sikumficha. Alikaa kwenye kidaraja cha mlango wangu, ile karatasi juu ya paja. "Miaka mingapi?" aliuliza.

"Kumi na moja."

"Na mimi nilicheka mle ndani." Alilisema mara mbili. Kisha akainuka, "Lakini daktari naye alipaswa atafute zaidi. Usiniambie hakupaswa."

Sikumwambia hivyo. Ana haki. Karatasi akaikunja akaitia mfukoni, na mpaka leo sijui aliifanya nini, ila wakili hajarudi kunitafuta.

Kwa daktari nilikwenda mwenyewe, kwa miguu. Nilimwambia hata kabla sijakaribishwa kiti. Hakushtuka. Alivua miwani, akajifuta macho, akaniuliza miaka, akaniuliza kiasi. Miaka niliijua. Kiasi sikukijua, nilichokijua ni iliki, na sikuwa na njia ya kumfasiria hiyo.

"Ungejua, ungempasua?" nikamuuliza.

"Ningesubiri. Ningechukua kwanza kipande kidogo cha lile ini lililoonekana zima, nikakipime. Nikiyaona yale makovu, huenda ningekata kidogo zaidi, kwa awamu. Huenda ningekataa kabisa."

"Na ukikataa?"

"Uvimbe ungeendelea."

"Kwa hiyo angekufa tu."

"Sikusema hivyo, dada."

"Basi piga hesabu tena. Tia ile kweli, nione."

"Kwa aliyekwisha kufa haina kazi."

"Kwangu ina kazi."

Kisha akavaa miwani, akaifanya mbele yangu, akaigeuza karatasi upande wangu. Na hiyo pia siiandiki. Nitakwambia hivi tu: ilikuwa mbaya kuliko ile aliyoibusu mama, mbaya sana, lakini haikuwa sifuri. Na kwa ajili ya ile tofauti, kati ya namba mbili kwenye karatasi mbili, mimi nitaishi sasa. Kuna siku naiona kama siku zako nilizozitupa. Kuna siku nasema, hakuna aliyetupa, ini lilikuwa limeshachoka kabla hatujaingia kwa daktari. Sina uhakika, na sitapata. Hili ndilo ninalokudai, kama kuna la kukudai: hukuniachia hata nafasi ya kukosea kwa haki.

Alipokuwa akinisindikiza daktari alisimama mlangoni. "Na mimi nina fungu langu," akasema. "Niliona kofia, nikamsikia mama, nikatia alama. Ilinipasa nimuulize peke yake." Sikumfariji. Sina ziada ya kufariji mtu.

Juma lililopita alinitaka nirudi nitie sahihi marekebisho ya faili. Nikakaa kwenye benchi la nje, kwa kuwa alikuwa na watu. Mlango ulikuwa wazi kidogo, nikamsikia akisema, "Mama, nawaomba nyote mtupishe kidogo. Nina maswali ya kumuuliza mgonjwa mwenyewe." Wakatoka watatu, vijana wawili na mama yao, mtu mzima wa makamo ya mama yetu, buibui limemteleza begani. Mlango ukafungwa.

"Mimi nilomzaa ndo natolewa nde?" alisema yule mama, akiukabili mlango. "Maswali gani hayo nisoyajua? Hana siri yule, mwanangu hana siri!"

Vijana wakamwambia awe na subira. Akaja akakaa kando yangu, akiwa bado anahema. "Wewe nawe wamekutoa?"

"Hapana, mama. Mimi nimekuja na karatasi tu."

"Desturi gani hii?"

Nikamwambia sijui, labda ni ya hapa. Akanung'unika, akatoa tasbihi. Tukakaa. Nilitazama saa ya ukutani, unajua mimi siwezi kukaa mahali penye saa nisiitazame. Mtu wa kujibu hapana angekuwa ameshatoka. Dakika tano, dakika kumi. Ndani mle hapakusikika kicheko. Yule mama alisita kuvuta tasbihi yake, akaniuliza, "Mbona yuwakawia hivi?"

"Mwache akawie, mama," nikamwambia. "Mwache."

Nimekuvua nguo, kaka. Nimefanya hivyo nikiwa na akili zangu, na ungefufuka leo ningekuambia usoni. Ukinisamehe, vyema. Usiponisamehe, tutaonana huko na tutaamuliwa. Mwenyezi Mungu akupe upole ule uliowapa wote waliolala mbele yako.

Mimi dadako, niliyekufungulia mlango wa uani.